Miaka minne nikijitolea CASA hapa Texas: tathmini yangu kwa Waswahili wenzangu

Kila nikisema kwenye shughuli zetu, iwe harusi au msiba, kwamba najitolea CASA, yaani mpango wa raia wanaoteuliwa na mahakama kuwasemea watoto waliotolewa kwao, maswali ni yale yale. Unalipwa shilingi ngapi? Kwani wewe ni wakili? Si ndio wale wanaochukua watoto wa watu? Nimeshasimamia kesi tatu, ya nne nimepewa juzi, na naona wengi wetu huku tunaijua huduma hii kwa uvumi. Kwa hiyo nieleze nilivyoiona mimi, uzuri wake na kasoro zake.

Silipwi hata senti, na mafuta ya gari ni yangu. Wakati wa kodi sheria inakuruhusu kukata senti 14 kwa maili kwenye kipato chako. Uwakili sina, usiku nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Na wanaowatoa watoto majumbani ni idara ya jimbo, siyo sisi. Sisi tunaingia baadaye, kwa amri ya jaji. Mtoto akishatolewa kwao kwa tuhuma za kuteswa au kutelekezwa, mahakamani kunajaa watu: wakili wa idara, wakili wa mzazi, wakili wa mtoto, na ofisa wa kesi mwenye mafaili tele. CASA ni raia wa kawaida aliyeteuliwa amfuatilie mtoto huyo, au ndugu wa nyumba moja, amtembelee angalau mara moja kwa mwezi, azungumze na walimu, daktari na walezi, kisha amwandikie jaji alichokiona na anachoamini kinamfaa mtoto.

Aliyeanzisha ni jaji wa Seattle, David Soukup. Alikuwa anaamua hatima ya watoto huku karatasi zilizo mezani hazimwambii vya kutosha kuhusu mtoto mwenyewe. Akaomba waitwe watu wachache wazungumze naye wakati wa chakula cha mchana, wakaja 50. Huo ndio mwanzo, na mpango ukazinduliwa mwaka 1977. Leo upo karibu kila jimbo, ila kila eneo lina ofisi yake, na ofisi hazifanani. Yangu sitaitaja.

Kuingia si lelemama. Lazima uwe na miaka 21 au zaidi, ujaze fomu, ufanyiwe usaili, upigwe alama za vidole, uchunguzwe rekodi za polisi, ukae mafunzoni saa 30, ndipo usimame mbele ya jaji uape. Baada ya hapo kila mwaka unadaiwa saa 12 za mafunzo ya nyongeza. Mimi karatasi zangu zilikaa miezi minne kwa sababu niliwahi kuishi nchi nyingine, na muda wote huo hakuna aliyenipigia kuniambia zimekwama wapi. Nilidhani nimekataliwa. Ofisi inayolia kila siku kwamba haina watu wa kutosha isingemwacha mtu akae gizani hivyo.

Mafunzo yenyewe ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Wanakufundisha kutenganisha ulichokiona na unachokidhania. Usiandike "nyumba ni chafu". Andika sahani zilikuwa ngapi kwenye sinki, na friji ilikuwa na nini ndani. Usiandike "mtoto hana furaha", andika mikono yake ilifanya nini ulipomtajia mama yake. Kwa zoezi hilo pekee nawashukuru, maana hata kazini kwangu siku hizi naandika ripoti za wazee tofauti. Ila mambo ya watu waliotoka nje ya nchi yalipewa jioni moja, na nusu yake ikaishia kwenye somo la kutazamana machoni na kupeana mikono.

Kesi yangu ya pili ndiyo iliyonionyesha pengo hilo. Nimebadili yanayoweza kumtambulisha mtoto. Binti wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka minne, familia ya Kikongo iliyopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Kwenye faili nilikuta sentensi moja: binti anakataa kula, inapendekezwa achunguzwe na mtaalamu wa akili.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Mama mlezi ni mwanamke mwema, Mmarekani, nyumba safi. Chakula kilikuwa kwenye kaunta ya jikoni, sufuria wazi, sahani zimepangwa pembeni, kila mtu anajipakulia na kwenda kukaa anapotaka. Binti aliponiona alisema "Shikamoo" kwa sauti ndogo. Nikaitikia marahaba, akanyanyua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake. Lakini wenzake wakijipakulia, yeye alisimama ukutani, mikono nyuma, macho chini. Nikamsogelea nikamuuliza, "Mbona huli, mwanangu?"

"Hawajanikaribisha."

Wiki tatu mtoto yule alikuwa akisubiri neno moja. Amelelewa kwamba chakula cha watu hakiguswi mpaka wenyewe waseme karibu, na wakubwa waanze. Kule wanakojipakulia kila mtu na lake, neno hilo halisemwi. Nilimweleza mama mlezi. Hakujitetea wala hakuona nimemvunjia heshima. Alipakua sahani mbili, akaziweka mezani, akavuta kiti, akasema "karibu" kwa lafudhi yake. Binti akaenda kunawa kwanza. Akarudi, akamlisha mdogo wake matonge mawili, ndipo akala. Alikula sahani nzima.

Nililiandika hilo kwenye ripoti kama lilivyo, kwa saa na tarehe, bila kuongeza nadharia yangu. Pendekezo la mtaalamu wa akili halikufutwa, na mimi sikuomba lifutwe, kwa kuwa mtoto aliyetolewa kwao usiku ana mengi ya kuzungumza. Ila neno "anakataa" lilitoka kwenye faili.

Jambo la pili ni zito zaidi. Hapa Texas kesi hizi zina saa inayogonga. Mtoto akishatolewa, ndani ya siku 14 kuna shauri la kuamua kama arudi au abaki. Ndani ya siku 60 jingine. Siku 180 jingine. Na mwaka ukitimia kesi inapaswa iwe imefika mwisho, isipokuwa jaji aongeze muda kwa sababu maalumu. Mwisho huo unaweza kuwa mtoto kurudi kwao, kukabidhiwa ndugu, au mzazi kuondolewa haki zote alizonazo juu ya mtoto. Kwa hiyo kosa linaloingia mwanzoni linakula siku za mtoto.

Mama wa watoto alihojiwa kupitia mkalimani wa simu. Alipoulizwa kuna nani wa kuwachukua, alijibu: "Wangekaa kwa mama mdogo." Kwenye faili yakaingia maneno ya Kiingereza yenye maana ya mama mwenye umri mdogo. Kila aliyesoma alielewa kwamba kuna msichana fulani, mzazi mwenzake labda, na kwamba hafai kwa sababu ni mdogo. Hakuna aliyemtafuta. Nilipopata ruhusa ya wakili wa mama wa watoto nikaenda kuonana na mama huyo, nikamuuliza kama nyinyi mngeuliza: mama mdogo yupi? Akashangaa. "Si mdogo wangu, anayenifuata. Yuko Kentucky, ana nyumba, ana mume, kila wiki anapiga simu kuwauliza."

Karibu miezi mitatu ilikuwa imeshapita. Niliandika aya nzima kueleza kwamba kwetu dada mdogo wa mama ni mama, na ndivyo watoto wanavyomwita. Jaji alinisoma, nayo ni sifa ninayompa bila kusita. Akaamuru huyo mama mdogo atafutwe. Sasa kumhamisha mtoto kutoka jimbo moja kwenda jingine kuna mkataba wa majimbo: Kentucky lazima wamkague mama mdogo, nyumba, kipato, rekodi, kisha waidhinishe. Ikachukua miezi mitano mingine. Watoto walikwenda. Lakini miezi mitatu ile ya mwanzo hakuna wa kuwarudishia.

Hapo ndipo ninapowapunguzia alama. CASA haruhusiwi kuwa mkalimani wa mahakama, na ni sawa, maana wewe ni shahidi wa ulichokiona na mwenye maoni. Huwezi tena kuwa mdomo wa mtu mwingine. Lakini ofisi ikijua ina kesi ya familia ya Kiswahili, iombe mapema mkalimani wa ana kwa ana anayeijua lugha ya kule familia inakotoka. Mimi mwenyewe nilipewa kesi ile kwa bahati, eti jina la ukoo lilionekana la Kiafrika.

Mama yangu Tanga nilipomweleza kwenye simu alisikia "kasa" akadhani nimeanza kulinda kasa wa baharini. Nikamfafanulia. Akanyamaza, akasema na wale watoto wa kasa huachwa mchangani peke yao, wengine hawafiki majini. Tangu siku hiyo huniuliza, "Kasa wako hawajambo?"

Mipaka ni migumu kwa mtu wa kwetu, nisiwafiche. Ofisi yangu hainiruhusu kumpeleka mtoto nyumbani kwangu, kumpakia garini, wala kumnunulia nguo. Unamwona mtoto ana kiatu kilichochoka na una dola 20 mfukoni, na kazi yako ni kumwandikia ofisa wa kesi kwamba kiatu kimetoboka, kisha kufuatilia hadi kinunuliwe. Mwaka wa kwanza nilinung'unika sana. Baadaye nilielewa: siku nikianza kutoa zawadi, mtoto ataanza kunijibu ya kunifurahisha, na mzazi wake ataona mahakama imemleta mshindani. Kesi ikifungwa, uteuzi wako umekwisha. Karatasi za mtoto unazirudisha ofisini. Kwaheri yangu na wale wawili ilikuwa dakika 20 kwenye skrini, binti akinionyesha daftari lake jipya la shule.

Jumla nawapa nne kati ya tano. Kama unafanya kazi za zamu kama mimi inawezekana. Mimi huenda kwa watoto Jumamosi, ripoti naandika asubuhi nikitoka kazini, na siku za mahakama naomba ruhusa mapema. Kama huwezi kukaa angalau mwaka, subiri kwanza, maana maofisa hubadilika na mawakili hubadilika, na mtoto akimpoteza na CASA katikati ya kesi ni afadhali asingempata. Na ukienda kwenye usaili, sema tangu mwanzo kwamba unazungumza Kiswahili, useme ni cha wapi, na umwombe anayekusaili akiandike mbele yako. Fomu niliyojaza mimi haikuwa na mahali pa kukiandika.