Kompyuta ya kuendeshea mashine pepe: ipi ununue Dar, na ipi uiache dukani

Ukiingia Kariakoo kutafuta kompyuta iliyotumika, winga atakupokea na swali lake: "Kaka, unataka i5 au i7?" Kwa kazi ninayoizungumzia hapa, swali hilo ni la tatu. La kwanza ni RAM inafika ngapi, la pili ni prosesa ya kizazi cha ngapi.

Kazi yenyewe ni kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa zinazoishi ndani ya kompyuta moja, kila moja ikijiona inajitegemea. Mwanafunzi anazihitaji kujifunza mitandao, mtengenezaji programu anazitumia kujaribu kazi yake kabla haijamfikia mteja, na ofisi ndogo inaweka humo faili, hifadhidata na mfumo wa stoo bila kununua seva tatu. Wengi hudhani kazi hii inadai mashine kubwa. Zamani ilidai kweli. Siku hizi haidai, na ukielewa kwa nini utaokoa pesa.

Mashine pepe ya zamani ilibeba mfumo endeshi mzima hata kama kazi yake ilikuwa moja tu. Ni kama kila abiria wa Mbagala aje kituoni na daladala yake. Mwaka 2007 KVM, sehemu ya kuendeshea mashine pepe, iliingia kwenye kerneli (kiini) ya Linux, na kuanzia hapo Linux yenyewe ikaweza kuwa mwenyeji wa mashine pepe. Aliyeianzisha, Avi Kivity, baadaye aliungana na Dor Laor katika kampuni ya Cloudius Systems, na mwaka 2013 wakatoa OSv, mfumo endeshi huria ulioandikwa kwa ajili ya mashine pepe tangu mwanzo. Hoja yao naipenda hadi leo: mwenyeji ameshazitenganisha mashine na kuzilinda zisiingiliane, basi kwa nini mfumo wa ndani urudie kazi ileile? Wakaondoa watumiaji, wakaondoa ukuta kati ya kerneli na programu, ikabaki programu moja ndani ya mashine moja. Mashine ya OSv inawaka kabla sekunde haijaisha.

Ile kampuni ilihamia kwenye hifadhidata, sasa ni ScyllaDB, na OSv ikabaki mikononi mwa wachangiaji. Hawakuitupa. Waliifanya iendeshwe na Firecracker, haipavaiza (programu ya kuendeshea mashine pepe) nyepesi iliyotolewa na AWS, huduma ya wingu ya Amazon, mwaka 2018, na waliifikisha kwenye prosesa za ARM. Ila ina mpaka mmoja wa kuujua mapema: programu inayojizalisha kwa kuanzisha prosesi nyingine, yaani nakala nyingine inayojitegemea, haifanyi kazi humo. Hifadhidata ya PostgreSQL hufungua prosesi mpya kwa kila mteja anayeunganishwa, kwa hiyo usiipeleke huko. Programu ya Java au memcached, zinazotumia nyuzi (kazi zinazokwenda sambamba) ndani ya prosesi moja, zinafaa.

Kwa kazi nyingine zote natumia Alpine Linux. Ilianzishwa mwaka 2005 na Natanael Copa, na mwaka 2014 toleo la 3.0 likahamia musl, maktaba ya msingi ambayo programu zake huitegemea, ambayo ni ndogo na safi. Faili yake ya kusakinisha iliyotengwa kwa mashine pepe haifiki megabaiti 100, wakati Ubuntu Server 24.04 inazidi gigabaiti 2. Anayenunua bando kwa siku anaelewa maana ya tofauti hiyo.

Sasa piga hesabu. Mashine ya RAM 16GB, toa 2GB za mwenyeji, zinabaki 14. Ukigawa 2GB kwa kila mashine pepe unapata 7. Ukiigawia kila moja 256MB, ambazo zinaitosha Alpine yenye huduma moja ndogo, karatasi inasema 56. Hutaendesha 56, lakini umeona kinachobana ni nini. Pesa yako iende kwenye RAM.

Nafasi ya kwanza naipa CPU ndogo ya mezani, ile yenye ukubwa wa kitabu kinene: Dell OptiPlex 3060 au 7060 Micro, HP EliteDesk 800 G4 Mini, au Lenovo ThinkCentre M720q. Hizi ni za kizazi cha 8 cha Intel, na nyingi zinakuja na i5-8500T yenye koa sita. Zina nafasi mbili za RAM aina ileile ya laptop, kwa hiyo unaweza kununua yenye 8GB leo ukaongeza mwezi ujao. Nyingi zina nafasi ya diski ya NVMe pamoja na ya SATA. Umeme hazili: ikivuta wastani wa wati 15 usiku na mchana, ni uniti 0.36 kwa siku, yaani kama 11 kwa mwezi kwenye LUKU. Udhaifu wake ni kwamba haina betri, hivyo weka UPS ndogo kwenye bajeti. Ukichukua Dell, angalia chaja kwa makini. Plagi yake ina sindano nyembamba katikati inayoiambia mashine chaja ni ya wati ngapi. Chaja isiyotambulika italeta onyo wakati wa kuwaka, na prosesa itaendeshwa taratibu. Mtu anaweza kuilaumu mashine miezi mitatu kumbe tatizo ni chaja.

Ya pili ni laptop, ThinkPad T480. Yenye i5 au i7 ya kizazi cha 8 ina koa nne, nafasi mbili za RAM, na betri mbili, moja ndani na moja nje, kiasi kwamba unachomoa ya nje na mashine inaendelea kuwaka. Umeme ukikatika Tabata saa mbili usiku, mashine pepe zako hazina habari. Usiuziwe X280 kwa maelezo kwamba ni ileile ila ndogo: RAM yake imechomelewa kwenye bodi, uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. T470 nayo inafanana sana na T480 kwa nje, lakini ina koa mbili tu.

Pesa ikiwa fupi, shuka kwenye CPU ndogo za kizazi cha 6 au 7. Windows 11 haizikubali rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ofisi zinazitoa. Wewe unaweka Linux, jambo hilo halikuhusu. Una sababu nzuri ya kubana bei hapo.

Seva ya kukodi mtandaoni naiweka ya nne. Kukatika umeme si shida yako tena, lakini unalipa kila mwezi, mara nyingi kwa dola, na yenyewe ni mashine pepe. Nyingi haziruhusu uanzishe mashine pepe nyingine ndani yake. Inafaa kuweka huduma iliyokwisha kukamilika. Kujifunzia haifai.

Raspberry Pi ni nzuri kwa mambo mengine, ila RAM yake haiongezeki, na mashine pepe zilizotengenezwa kwa prosesa za Intel zitatambaa. Seva zile ndefu za kwenye raki ziache. Kelele yake, joto lake na uniti zake havifai nyumba ya Dar mwezi wa Februari.

Ukienda dukani beba flashi yenye Alpine, toleo la kawaida. Omba uiwashe mashine kwa flashi hiyo; kwenye Dell na ThinkPad bonyeza F12. Ingia kwa jina root, yaani msimamizi, haitaki neno la siri. Andika `grep -cE 'vmx|svm' /proc/cpuinfo`. Namba ikiwa 0, prosesa haionyeshi uwezo wa mashine pepe. Kisha `free -m` uone RAM halisi.

Baada ya hapo izime, uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayokuja kabla ya mfumo endeshi. Hatua hii niliiruka mara moja. Nilinunua mashine safi, nikaibeba hadi nyumbani, nikakuta uwezo wa mashine pepe umezimwa na BIOS imefungwa kwa neno la siri la ofisi ilikotoka. Muuzaji hakulijua. Fundi alihangaika nayo siku mbili, kisha akanirudishia ilivyokuwa. Kwa hiyo BIOS ikikudai neno la siri, iache hapohapo, hata ipunguzwe bei kiasi gani. Na winga akikusifia i7, soma tarakimu ya kwanza baada ya kistari (kwa kizazi cha 2 hadi cha 9): i7-4770 ni ya kizazi cha 4, i5-8500T ni ya 8. Ukiridhika, dai risiti ya EFD, na kwenye karatasi ya waranti serial namba iandikwe mbele yako.