PARI/GP: Programu Isiyopoteza Tarakimu ya Mwisho

Programu yoyote ya hesabu ninayokutana nayo huipa kwanza mtihani mmoja: huiandikia 147573952589676412927, yaani 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1, kisha nikaiuliza vigawo tasa vyake. Huduma moja ya mtandaoni niliyokuwa nikiitegemea ilinijibu kwamba namba hiyo ni shufwa na kwamba inagawanyika kwa 2 mara 67. Jibu hilo lilinisikitisha sana, kwa kuwa anayeiona ile 7 ya mwisho anajua papo hapo kuwa namba ni witiri. Chanzo cha kosa ni kwamba huduma hiyo hutunza namba kwa mfumo wa nukta inayoelea wa biti 64, ambao ukishavuka 9007199254740992 hauwezi tena kuhifadhi kila namba nzima, bali huihamishia kwa jirani yake. Na jirani wa namba yangu ni 2 kwa kipeo cha 67 chenyewe.

PARI/GP, programu ya bure iliyoanzia Bordeaux nchini Ufaransa, hutunza tarakimu zote. Ukiandika factor(2^67-1), hukuletea mara moja safu mbili: kushoto 193707721 na 761838257287, kulia vipeo vyake, ambavyo vyote ni 1. Mersenne, mtawa na mwanahisabati wa Ufaransa, aliitaja namba hii kuwa tasa mwaka 1644. Mwanahisabati mwingine Mfaransa, Lucas, alithibitisha mwaka 1876 kuwa si tasa, ingawa hakujua kigawo chake hata kimoja. Na vigawo vyenyewe vilisubiri hadi mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipovitoa. Kwangu mimi, kuviona vikijitokeza kabla sijainua kidole kwenye kibodi bado ni jambo la kustaajabisha.

Uzuri wake mkubwa zaidi ni kwamba jibu moja hukuvuta kwenye swali la pili. Punguza 1 katika kila kigawo, kisha uandike 193707720 % 67 (alama % huuliza baki la kugawanya), nayo itajibu 0. Andika 761838257286 % 67, nayo itajibu 0 tena. Hilo halikutokea kwa bahati, kwani p ikiwa namba tasa, kila kigawo tasa cha 2 kwa kipeo cha p ukitoa 1 lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa p.

Anayeanza atapata taabu kidogo, maana hakuna vitufe, ni mstari wa kuandikia amri tu, ingawa ukitanguliza alama ya kuuliza mbele ya jina la amri utapata maelezo yake. Tena namba ndefu iliyozaliwa na namba tasa mbili kubwa zenye urefu unaokaribiana itaisumbua, kama inavyozisumbua programu nyingine zote. La kuangalia zaidi ni tofauti ya amri mbili: ispseudoprime hupima kwa haraka kama namba ni tasa bila kutoa uthibitisho kamili, ilhali isprime huthibitisha, na kwa namba ndefu utalazimika kuisubiri. Mimi huanza na ya kwanza ili kuchuja, kisha zile zilizobaki huzipeleka kwa ya pili.