Vifaa vya kuziba pancha: ununue kipi kabla ya safari ya Mtwara–Masasi

Kabla hujatoa hela dukani, chungulia magurudumu yako. Pikipiki za spoki karibu zote zina tyubu, maana bila tyubu upepo ungetokea kwenye vitundu vya spoki. Gari dogo mara nyingi ni tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani. Neno hilo limechapwa ubavuni mwa tairi. Wapo wanaonunua vifaa vya tyubulesi kumbe ndani ya tairi kuna tyubu, na kuchoma kamba ya kuzibia humo ni kuiua tyubu kabisa.

Kwa mwenye gari, cha kwanza kwangu ni seti ya kamba za mpira zenye gundi, pamoja na pampu ya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti. Kamba bila pampu ni jembe bila mpini. Chagua seti yenye mpini wa chuma. Ile ya plastiki hukatika mkononi ukikutana na tairi gumu. Beba na chupa ya maji ya sabuni. Msumari usiuchomoe mpaka kila kitu kiwe tayari pembeni, halafu angalia umeingia kwa mshazari gani, upite mshazari huohuo. Kwaruza tundu, sukuma kamba kwa sindano ya seti hadi ibaki ncha mbili fupi nje, chomoa sindano kwa nguvu, jaza upepo, mwagia sabuni. Mapovu yakitulia, ondoka taratibu.

Kamba ni ya kukufikisha. Tiba yenyewe ni kiraka cha uyoga, chenye mguu unaojaza tundu na kichwa kinachogandishwa kwa ndani, na hicho nakipa nafasi ya pili kwa sababu tu hukiweki peke yako barabarani: lazima tairi livuliwe kwenye rimu. Mafundi wengine watakwambia, "Mjomba, kamba inatosha, mbona inashika." Nunua uyoga wako mwenyewe, umkabidhi fundi. Ni kwa tundu la kwenye kashata za tairi tu, yaani sehemu inayokanyaga barabara, lisilozidi milimita 6.

Bodaboda, wewe anza na tyubu mpya ya akiba. Soma kipimo tairini, kama 2.75-17 au 3.00-18, usinunue kwa kukisia. Viraka na solusheni, yaani gundi ya viraka, vifuate. Nunua solusheni ndogo ndogo, maana ikishafunguliwa hukauka. Piga msasa, paka, kisha subiri mpaka isinate kidoleni. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi wanapoharibu. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi: mwiba uliotoboa jana bado umo.

Mwisho kabisa, jeli ya chupa, ile ya kumimina ndani ya tairi ili izibe tundu. Niliwahi kuiamini. Tulipoiacha Mingoyo kuelekea Masasi, jiwe likapasua ubavu wa tairi la nyuma. Nikamimina chupa nzima, ikatoka yote palepale ilipokuwa ikitokea hewa, nyeupe kama tui. Ubavu hauzibwi na jeli, wala kamba, wala uyoga. Ni kubadilisha tairi. Tukafunga spea, na nilipompelekea fundi lile lililopasuka, akataka hela ya kuosha rimu juu ya hela ya kazi. Nikalipa.