Pampu ya VorTech MP10 na taa ya AI Prime kwenye tangi la lita 120: mkondo umenifaa kuliko taa

Nianze na hukumu kwa wenye haraka. Ukiwa na hela ya kununua kifaa kimoja tu kizuri kwa ajili ya tangi la matumbawe, nunua pampu ya mawimbi, taa ya maana itafuata. Dukani watakuimbia taa tu, kwa sababu taa inapendeza machoni na inatoka vizuri kwenye picha, wakati pampu ni kidude cheusi kilichobandikwa ubavuni mwa kioo. Mimi nimekaa na vyote viwili muda wa kutosha kuona kipi kinafanya nini.

Tangi lina urefu wa sentimita 60, lipo sebuleni kwangu Reading, Uingereza. Maji ya bomba ya huku yana chokaa balaa, kwa hiyo nayachuja kwa RO (utando unaozuia madini) kabla ya kutia chumvi hadi 35 kwa elfu. Joto ni nyuzi 25. Matumbawe yote ni vipande vilivyooteshwa na wafugaji wenzangu, hakuna kilichong'olewa baharini.

MP10 imegawanyika: mota inakaa nje ya kioo, panga linakaa ndani, na vyote vinashikana kwa sumaku. Hakuna waya majini, na joto la mota linabaki nje. Lakini kilichonifanya nifungue pochi (na bei yake si ya mchezo) ni kwamba mkondo wake haukai hali moja. Unapanda, unashuka, unasita, unarudi kwa nguvu. Pampu niliyokuwa nayo kabla, ya bei chee na ambayo kampuni yake siitaji, ilipuliza kwa nguvu ileile kutwa kucha. Tumbawe langu la Euphyllia lililoangaliana nayo lilianza kuchanika nyama pembeni mwa kiunzi, na nyuma ya mawe uchafu ukawa unatuama tu. MP10 ina hata mpango wa kuiga kujaa na kupwa. Mvuvi wa Tanga atacheka, bamvua gani hilo la kwenye kioo, ila polipu (vinyama vidogo vinavyounda tumbawe) zinaupenda.

Sasa niwaonyeshe kitu. Nina vipande viwili vya Pocillopora damicornis vilivyokatwa kwenye tumbawe moja. Kimoja nilikigundisha juu ya jiwe, njiani mwa pampu. Kingine nikakiweka kona ya pili, nyuma ya jiwe kubwa. Niliazima kipimo cha PAR (mwanga ambao mimea na mwani hutumia kujitengenezea chakula) cha kampuni ya Apogee, nikahakikisha mwanga hautofautiani sana: cha kwanza kilisoma 210, cha pili 190. Leo ukivitazama utabisha kuwa ni ndugu. Cha kwenye mkondo kina matawi mafupi, manene, yamesongamana hivi kwamba kidole hakipiti. Cha nyuma ya jiwe kimerefuka, matawi membamba, nafasi kubwa katikati, na ukikigusa vibaya kinavunjika.

Sababu iko kwenye utando mwembamba wa maji uliotulia juu ya ngozi ya tumbawe. Kila kitu kinapita hapo: chakula, kaboni na kalisi ya kujengea kiunzi vikiingia, taka na oksijeni vikitoka. Mkondo ukiwa na nguvu, utando unakonda na mambo yanapita haraka, hata katikati ya matawi yaliyobanana. Maji yakilala, utando unanenepa, na tawi lenye nafuu ni lile lililojitenga na wenzake.

Hapo ndipo pampu na taa zinapokutana, na wauza taa hawalisemi hili. Mwani mdogo mno unaoishi ndani ya tumbawe unatengeneza oksijeni kadiri unavyopata mwanga. Mwanga ukiwa mkali na maji yamelala, oksijeni inajilimbikiza ndani ya nyama na kuanza kuidhuru, na tumbawe linapauka. Watafiti waliofanya kazi Okinawa baada ya joto la bahari la 1998 waliona kuwa mkondo wa maji ulisaidia kueleza kwa nini baadhi ya matumbawe yalinusurika na mengine yakafa. Kwa hiyo ukiona mtu analalamika kuwa taa imemuunguzia tumbawe la Acropora, muulize kwanza pampu yake inaelekea wapi.

Taa sasa. AI Prime naiendesha kwa simu, buluu nyingi, nyeupe kidogo, inawaka polepole asubuhi na kuzimika polepole usiku. Ina mpango wa kuzoesha matumbawe mapya, unaanza chini na kupanda kwa wiki kadhaa. Acropora nimeiweka kwenye PAR 250 hivi, Euphyllia chini kwenye 100. Umbo nalo linafuata mwanga: Montipora capricornis iliyo chini kwenye kivuli imetandaa bapa kama sinia ili isikose hata tone la mwanga, ile ya juu imejikunja na kusimama kingo. Taa moja inalitosha tangi la ukubwa huu, ingawa kona zina giza kidogo, na huko ndiko nilikoweka matumbawe ya aina ya uyoga na matumbawe laini.

Usafi msijidanganye. Mwani mwekundu mgumu unakaba panga la pampu, kasi inashuka bila wewe kujua. Mimi nalitoa panga kila baada ya miezi michache na kuliloweka kwenye siki. Usiku napunguza kasi, maana pampu yoyote ya mawimbi ikikimbia utaisikia ukiwa kwenye kochi.

Jambo lingine ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayakuambii: matumbawe yakikua yanakuzibia mkondo. Ile Pocillopora nene sasa ni ukuta, na Seriatopora iliyo nyuma yake imeanza kufa matawi ya ndani, mwanga haufiki na maji hayafiki. Nimeisogeza pampu juu na upande wa kushoto, nikapunguza matawi kwa mkasi wa kukatia matumbawe, na vipande nimegawa. Alkalini nayo naipima kila wiki, kwa sababu tumbawe linalokua vizuri linaila haraka. Naishikilia kati ya 8 na 9 dKH (nyuzi za kupimia alkalini).

Kama unafuga matumbawe ya uyoga, zoanthus (jamaa wa matumbawe) na matumbawe laini tu, usiingie gharama hii. Pampu ndogo mbili za kawaida zilizoelekezwa zigongane zitakutosha, na taa yoyote ya LED inayopunguzwa mwanga. Ukitaka Acropora na jamaa zake, basi MP10 ninaipa nyota tano, AI Prime nne.