Kruzi ya Karibi na mama mwenye presha: marupurupu yepi yalitufaa

Nianze na hukumu, maana najua wengi wenu mnasoma huku ukurasa wa kulipia umefunguka pembeni. Meli ilikuwa nzuri. Chakula tele, vyumba visafi, wafanyakazi wana adabu na hawachoki kusalimia. Kliniki ya melini ni kliniki kweli, si sanduku la huduma ya kwanza kama nilivyodhani, na bei yake nayo ni bei kweli. Marupurupu yanayotangazwa, hasa ya uanachama, yanamfaa mtu mwenye afya na kiu. Ukiwa unasafiri na mzazi mwenye presha na sukari, pesa ya vinywaji ipeleke kwenye bima. Kampuni siitaji, kwa sababu mengi ya haya utayakuta kwa kampuni zote kubwa.

Tulikuwa mimi, wifi yangu na Mama, ambaye alikuwa amekuja Houston kututembelea kutoka Mombasa. Tulipandia Galveston, bandari ya Texas, tukaenda Cozumel na Costa Maya katika pwani ya Meksiko, kisha tukarudi palepale. Mama amekuwa akiziona meli hizi Kilindini miaka mingi, akiwa kwenye feri ya Likoni, na siku zote huuliza watu wanafanya nini mle ndani wiki nzima. Wanakula. Wakishiba wanapanda lifti kwenda kuangalia kama kuna kingine cha kula.

Kuhusu marupurupu, mjuzi ni wifi. Ameshasafiri na kampuni hii mpaka akafika daraja la almasi. Mfumo wenyewe ni mwepesi: kila usiku unaolala melini unakupa pointi, ukichukua chumba cha kifahari unapata zaidi, na pointi zikijaa unapanda daraja. Kampuni ya Royal Caribbean wanauita Crown & Anchor Society, MSC wana Voyagers Club, na hao MSC wanajulikana kwa kukubali daraja ulilolipata kwa kampuni nyingine, kwa hivyo kama una kadi ya kwingine, waulize kabla hujalipa. Almasi ya wifi ilimpa vocha za vinywaji kila siku, punguzo la intaneti, ukumbi wake wa kupumzikia na foleni fupi ya kupanda. Hiyo foleni ndiyo niliyoipenda. Walituruhusu tuingie naye, na Mama hakusimama kwenye joto la Galveston hata dakika kumi. Vocha za vinywaji zilikwenda kwenye soda na kahawa, maana wifi mwenyewe haonji kileo.

Kifurushi cha vinywaji tulikiacha. Kampuni nyingi zina sharti kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba kile wanunue, na juu ya bei wanaongeza asilimia 18 au 20 ya huduma. Ongeza bakshishi ya lazima, kama dola 16 hadi 20 kwa kila kichwa kwa siku, halafu ndiyo uamue kama safari ile ya bei ya kutupa ni ya kutupa kweli.

Niliisoma orodha yote ya daraja la almasi, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Hakuna mstari hata mmoja unaogusa kliniki.

Bima ndiyo iliyonila muda. Bima nyingi za safari zinazouzwa Marekani zinamtaka mteja awe mkaazi wa huku, na Mama ni mgeni wa viza. Zipo bima za wageni, tena zingine za bei nafuu, lakini nyingi zimekusudiwa matibabu ya ndani ya Marekani, na ukitoka kwenda nchi nyingine kuna masharti juu ya masharti. Halafu lipo suala la ugonjwa wa zamani. Presha ya Mama ina miaka, na kwa macho ya bima huo ni ugonjwa uliokuwepo kabla. Nyingi ya bima za wageni hulipa tu pale ugonjwa wa namna hiyo unapolipuka ghafla bila dalili za mapema, tena mgonjwa asiwe amepita umri fulani. Kwa hivyo kila niliyempigia nilimuuliza maswali yaleyale. Akiwa baharini mko naye? Akiwa Meksiko je? Presha ikipanda ghafla mnalipa? Akihitaji kuhamishwa kwa ndege mnalipa hadi kiasi gani, na ni nani anayeamua kwamba ahamishwe? Akijibu ndiyo, namwomba aniandikie hayo kwa barua pepe. Waliosita kuandika niliwaacha.

Ile bima ya kampuni ya meli, ya kubofya kisanduku wakati wa kulipa, ni rahisi kuipata, ila angalia viwango vyake. Niliyoonyeshwa mimi ilikuwa na dola 10,000 za matibabu na dola 30,000 za kumhamisha mgonjwa. Kumhamisha mgonjwa kwa ndege kutoka nchi za nje kunaweza kupita dola 100,000. Sisi tuliokulia Kenya tunaijua ndege ya Flying Doctors wa AMREF inapotua uwanja wa Wilson, Nairobi, na mgonjwa. Sasa ifikirie ndege kama ile ikivuka bahari kutoka Meksiko hadi Texas, daktari na nesi wakiwa ndani, na hesabu inatumwa kwako.

Wale wenye wazee walio kwenye Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, msijifariji nayo. Melini hulipa tu kama meli iko kwenye bandari ya Marekani au haijapita mwendo wa saa 6 kutoka bandari hiyo, na daktari awe ni yule anayekubalika kisheria. Zaidi ya hapo ni mfuko wenu. Baadhi ya bima za nyongeza za Medigap hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura ya nje baada ya dola 250 za kwanza, lakini kikomo chake ni dola 50,000 kwa maisha yote ya mtu.

Mama alisafiri na pasipoti yake ya Kenya. Viza yake ya Marekani ni ya kuingia mara nyingi, na bila hiyo kurudi Galveston kungekuwa na maneno. Meksiko humpokea mwenye viza halali ya Marekani bila kumdai viza yao. Dawa zake tuliziweka kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu masanduku makubwa mnayakabidhi bandarini na yanaweza kufika chumbani usiku. Kwetu duka la dawa hukupa vidonge kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa 1x2 kwa kalamu na basi. Daktari wa melini hawezi kuijua bahasha hiyo. Nilitafuta vifurushi vyenye majina, nikaandika kwa Kiingereza kwenye karatasi moja: amlodipine ya presha kiasi gani, metformin ya sukari kiasi gani, saa ngapi, na dawa zinazomdhuru. Pia nilimwambia mdogo wangu kule Mombasa apige picha karatasi ya mwisho ya kipimo cha moyo, ile iliyokunjwa ndani ya faili la kliniki ya Mama, anitumie kwa simu.

Usiku wa kuamkia Cozumel, Mama aliniamsha. "Kifua chanibana, na kichwa chazunguka." Nilipiga simu ya chumbani, na nesi akafika na kiti cha magurudumu nikiwa bado namfunga Mama leso.

Kliniki iko ghorofa za chini, ambako meli haichezi sana. Ina vitanda vya kulaza, eksirei, oksijeni, mashine ya kushtua moyo na maabara ndogo inayoweza kupima damu kuona kama moyo umeumia. Daktari alikuwa wa Afrika Kusini, mtaratibu, hakupandisha sauti hata mara moja. Alimpima Mama presha, ikawa juu sana. Akambandika zile waya kifuani, karatasi ikatoka, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kuna sehemu mawimbi yalikuwa yameelekea chini. Akaniuliza, "Amewahi kupimwa hivi kabla?"

Nikampa simu. Akailaza juu ya meza sambamba na karatasi yake, akakuza picha, akafuata mstari kwa ncha ya kalamu, juu, kisha chini, kisha juu tena. Mawimbi yaleyale, mahali palepale. Akasema huu ni moyo uliobeba presha miaka mingi, si jambo lililoanza usiku huu. Kipimo cha damu cha kwanza hakikuonyesha kitu. Hata hivyo hakunificha: cha pili kitachukuliwa baada ya saa kadhaa, na kikibadilika, asubuhi tunamshusha Cozumel. Meli haina chumba cha kutibu moyo, na helikopta ya walinzi wa pwani ina kikomo cha mafuta, haimfuati mtu popote alipo baharini.

Nilipanda chumbani kufunga begi dogo la pasipoti, kadi za benki, karatasi ya bima, dawa, chaja na nguo za kubadilisha. Nilipiga namba ya dharura ya bima kwa intaneti ya huyo wifi yangu, ile ya punguzo la almasi. Haya, hapo almasi ilifaa. Bima walifungua faili usiku uleule na kunipa namba ya kumbukumbu. Bila kuwaarifu mapema wengi wao hukataa kulipia ndege, maana wanataka waipange wenyewe.

Kipimo cha pili hakikubadilika. Ilikuwa presha, upungufu wa maji mwilini, jua la sitahani na chumvi ya bufee. Dripu, dawa, usingizi, na amri ya kubaki melini siku hiyo.

Kwa hivyo tuliiona Cozumel kutoka juu, na tulichokiona ni ambulensi. Abiria mwingine alikuwa anashushwa. Mkewe alifuata nyuma na masanduku mawili, miguuni ana ndara za chumbani, huku wakala wa bandarini akimwelekeza mkono huu na huu. Wifi alisikia mezani kwamba walikuja na vyeti vya kuzaliwa tu. Raia wa Marekani wanaruhusiwa kusafiri na cheti hicho pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha, bila pasipoti, kwenye kruzi inayoanza na kuishia bandari moja, lakini ukiachwa Meksiko huwezi kupanda ndege ya kurudi kwa cheti cha kuzaliwa, lazima uhangaike na ubalozi kwanza. Hospitali binafsi za miji ya watalii nazo mara nyingi hutaka amana kwenye kadi kabla ya kulaza mgonjwa. Jioni meli iling'oa nanga. Haimngoji mtu.

Lipo rupurupu moja ambalo halimo kwenye daraja lolote. Mhudumu wa meza yetu alikuwa kijana wa Kilifi. Aliona kiamsha kinywa kimepita bila sisi, na tuliporudi akaja moja kwa moja. "Shikamoo mama, pole. Nini tena?" "Marahaba mwanangu. Nimeshapoa, ni hii presha." Hakusema mengi. Kuanzia chakula kile, sahani ya Mama ilitoka jikoni kando: samaki wa kuchoma bila chumvi, limau, mboga za mvuke, na wali kidogo maana alijua Mama bila wali hajala. Baadaye alinieleza kwamba mtu yeyote anaweza kuomba mlo wa chumvi kidogo au sukari kidogo, bila malipo, na vizuri zaidi akiwaandikia kabla ya safari. Hili kwenye matangazo hulioni, labda kwa sababu hawaliuzi.

Mengine kwa haraka. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya bufee, usitegemee ile dawa ya kupaka, maana virusi vya kuhara na kutapika vinavyopendelea meli havitishwi nayo sana. Ukaguzi wa usafi wa meli zinazotia nanga Marekani hufanywa na CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, na alama zake ziko wazi kwa umma, 100 ndiyo juu, 85 kushuka chini ni kufeli. Zoezi la usalama la siku ya kwanza nenda, hata kama linachosha.

Sasa hesabu. Kliniki ilitutoza zaidi ya dola elfu moja, ikaingizwa kwenye kadi ya chumba pamoja na soda na picha. Melini hawapokei bima, unalipa kisha unadai. Kabla hatujashuka nilirudi kliniki nikaomba risiti yenye kila kitu mstari kwa mstari na ripoti ya daktari yenye sahihi, kwa sababu kuzifukuzia hizo ukiwa nyumbani ni kazi.

Nyota zangu: meli nne kati ya tano. Kliniki tano kwa utu na umakini. Uanachama tatu, moja ya hizo ni ya ile foleni. Bima naipa nne kwa sasa. Wamelipa vipimo, dripu, dawa na kitanda, lakini ile ada ya kuamsha daktari usiku wamesema si matibabu. Nimewarudishia barua pepe yao wenyewe, ile niliyowaomba waiandike kabla sijanunua, na nimewauliza ni saa ngapi hasa presha inaruhusiwa kupanda. Hawajajibu bado.