Sedani yangu ya familia: dashi safi kumbe taa wamezifunika

Nina miezi 11 na hii gari, sedani ya Kijapani cc 1500, oto, niliichukua yadi moja Dar kwa milioni 13 na laki mbili, jina silitaji maana ukiniuliza mimi shida nyingi sio za kiwandani, ni mikono ya watu waliopita humo kabla yangu. Nakaa Mtwara mjini, mama watoto kwao Newala, kwa hiyo safari zetu ndo hizo, Mikindani, Lindi, na kupanda juu kwa wakwe tukiwa na watoto watatu kiti cha nyuma.

Uzuri inao, nisiseme uongo. Mafuta hainywi, AC inagandisha hata Disemba, na buti ukirudi Newala inameza gunia la makopa na mabegi yote. Mpaka hapo nilikuwa najisifia kijiweni.

Sasa ikaanza honi. Stelingi ikiwa imenyooka inalia vizuri tu, ukikata kona kulia kimya, ukirudisha inalia. Mimi nikacheka nikasema ni ugonjwa wa uzee, nikaenda nayo hivyo kama wiki tatu, bodaboda wa mjini unawajua, kona zote unataka honi nayo ndo imekufa. Nikampelekea fundi umeme, wala hakufungua kitu, akaniambia mzee hiyo spairo kebo, ule waya wa utepe uliojikunja chini ya stelingi, umekatika sehemu. Halafu akauliza, taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga ukigonga, inasemaje? Nikamwambia haijawahi kuwaka hata siku moja, tena kwa kujidai. Akaguna. Akaniambia weka swichi on usipige stata. Ikawaka ya oili, ya chaji, ya ABS, ya eabegi hakuna.

Hapo ndo nikapata elimu ambayo ningeipata yadi ingeniokoa hela. Ile taa nyekundu ya eabegi ukiweka swichi on inatakiwa iwake sekunde chache, halafu izime yenyewe, maana yake mfumo umejipima uko sawa. Ikigoma kuzima kuna tatizo, na isipowaka kabisa basi ama imekufa au kuna mtu kaificha. Tukafungua dashi, tukakuta kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa nyuma pale pale kwenye hiyo taa, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa, mtu alitulia akafanya kazi yake. Kumbe waya wa honi na wa eabegi ya dereva vyote vinapita kwenye hiyo spairo kebo, kwa hiyo miezi yote ile ningegonga mti, pale kwenye stelingi kisingefunguka kitu. Na wala hujui, dashi inang'aa kama mpya!

Spairo kebo ya mtumba 110,000, ufundi 40,000, betri inachomolewa kwanza mnasubiri kidogo ndo mguse stelingi, fundi asiyefanya hivyo mkimbie.

Tukiwa kwenye eabegi, nikaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya watengenezaji kwa sababu ya ile habari ya Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika 2017, eabegi zake zilikuwa zikilipuka zinarusha vipande vya chuma kwa watu. Kilichokuwa kinaiharibu ile kemikali ndani ni joto na unyevunyevu wa miaka mingi, sasa niambie huku pwani kwetu tuna nini kingine. Yangu haikuwemo kwenye orodha ya magari yanayotakiwa kubadilishiwa eabegi. Ila magari ya mtumba yanaweza kuvuka bahari bila kufanyiwa hayo matengenezo, kucheki ni bure, dakika mbili.

Breki nazo. Tunashuka kutoka Newala kwenda Masasi kwenye msiba, ule mteremko, nimeacha gia D nakanyaga kanyaga breki tu, katikati pedo ikawa laini kama naikanyaga sponji, inaenda mpaka chini. Nikatupa gia kwenye L, ile gia nzito ya chini inayoizuia gari kukimbia, nikavuta handibreki taratibu, tukasimama pembeni watoto wanauliza tumefika? Sikuwajibu. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa, inaelekea hayajawahi kubadilishwa. Yale yananyonya maji kutoka hewani, DOT 3, aina moja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka kama 140, yakichemka yanatoa mvuke na mvuke hausukumi breki. Kubadilisha ilikuwa 25,000. Elfu ishirini na tano jamani, na roho tano ndani.

Ningekuwa natoa nyota ningeipa gari tatu, aliyeniuzia sifuri, na mimi mwenyewe moja kwa kununua gari kwa kuangalia rangi. Siiuzi, tumeshazoeana. Kilichobaki ni pale pa kuchomekea mkanda wa nyuma katikati, unachomeka ukivuta unatoka, kwa hiyo mdogo anayekaa hapo tumemhamishia pembeni na safari ya watoto watatu ikawa ya wawili, mmoja anabaki kwa shangazi yake kwa zamu na kila zamu ni kesi. Spea nimeagiza Dar mara mbili, imekuja na basi mara mbili, zote za upande wa kulia.