Linux, kufuli na bando langu lililoliwa

Natumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwa miezi kadhaa sasa hapa Wete, na sina haja ya kusifu sura yake. Linalonikera ni namna inavyompokea mgeni anayetaka kusakinisha programu.

Nilihitaji Audacity ili nikate rekodi za kasida za wanafunzi wangu wa madrasa. Nikafungua duka la programu lililokuja na mfumo, nikabofya kitufe, nikaandika nywila, na hapo kikatokea kidirisha kilichosema kwamba usakinishaji umeshindikana kwa kuwa kufuli la dpkg limeshikiliwa na mchakato mwingine. Mchakato gani? Hadi lini? Dpkg ni chombo cha Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, cha kuweka na kuondoa vifurushi vya programu, nacho hupokea kazi moja kwa wakati mmoja ili kumbukumbu zake zisivurugike. Sababu hiyo ni ya msingi kabisa, lakini mgeni ataijuaje?

Nikaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja Chake Chake, ambaye hata salamu aliiitikia kwa shingo upande. "Mwalimu, Linux si ya watu kama nyinyi, rudi Windows," alisema mbele ya wateja, huku akifungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ili alifute faili la kufuli. Nilikasirika, nikaifunga kompyuta yangu na kuondoka, na ilikuwa heri, kwa sababu kulifuta kufuli hilo kazi ikiwa inaendelea kunaweza kuharibu orodha nzima ya vifurushi.

Aliyeshika kufuli alikuja kujulikana: masasisho ya usalama ya kiotomatiki, yaliyokuwa yakipakuliwa kimyakimya kwa bando langu mwenyewe. Yaani mfumo unakula bando nililolinunua mimi, kisha unanifungia mlango bila hata kuniambia nisubiri! Ingetosha kuandika kwamba mfumo unajisasisha, na ombi langu likawekwa kwenye foleni. Wapo wanaoshauri Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu ambayo hailigusi kufuli hilo, lakini programu ya kwanza huweza kuja na mzigo wa mamia ya megabaiti, na bando la Pemba si la kuchezea.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Hata hivyo, masasisho yalipokwisha, Audacity iliingia kwa mbofyo mmoja pamoja na kila ilichokihitaji, bila malipo, bila flashi ya dukani iliyojaa virusi. Nikapandisha hadi nyota tatu. Leo asubuhi kidirisha kile kimetokea tena, nami nimezishusha kuwa mbili.